Kiti cha mwongozaji hakiko kwenye meza ya kuchora

Mwaka 1963 kampuni ya Toei Animation ya Japani ilimwajiri kijana wa miaka 22 aliyekuwa ndiyo kwanza amemaliza chuo kikuu, tena amesoma siasa na uchumi. Alipewa kazi ya chini kuliko zote: michoro ya katikati. Mchoraji mkubwa anachora mkono ukiwa umelala mezani, kisha anachora mkono huohuo ukiwa umefika kichwani. Wa michoro ya katikati anajaza hatua zote zilizobaki, karatasi juu ya karatasi, mpaka mtazamaji auone mkono unanyanyuka. Haulizwi anaionaje hadithi. Anachodaiwa ni mstari, na mstari uwe safi.

Moja ya filamu alizozifanyia kazi hapo ilitoka mwaka 1965. Ilihusu safari ya kwenda kwenye sayari ya maroboti, na kijana yule hakuridhika na mwisho wake. Akapendekeza kwamba binti mfalme wa sayari ile, ambaye ni roboti, gamba lake lipasuke na ndani atoke binadamu. Wakubwa wakalikubali wazo lile na mwisho wa filamu ukabadilishwa. Kijana mwenyewe ni Hayao Miyazaki. Mwaka 2024, akiwa na miaka 83, filamu yake ilipata Oscar, na ilikuwa ya pili kwake.

Habari hii husimuliwa kama kisa cha mtu aliyeanzia chini akapanda ngazi. Mimi naisoma tofauti. Miyazaki hakusogea kwa sababu mistari yake ya katikati ilikuwa safi kuliko ya wenzake, ingawa mkono wake ulikuwa mzuri mno. Alisogea kwa sababu aliigusa hadithi. Nikizitazama njia za waongozaji wa filamu ndefu za katuni, kwa studio kubwa na ndogo, naona jambo hilohilo likijirudia: kiti cha mwongozaji kinapatikana mahali ambapo hadithi inaamuliwa. Mtu anaweza kuchora kwa miaka thelathini, akawa fundi wa mafundi, na asikikaribie kiti hicho hata siku moja.

Nalisema hili kwa sababu vijana wanaotaka kuingia kwenye fani hii karibu wote wananiuliza swali moja: nijifunze programu gani? Ni swali la mtu anayeamini kwamba mbele yake kuna ngazi na kila kipandio ni ujuzi mmoja zaidi wa mkono. Ngazi hiyo ipo kweli, sikatai. Ila inaelekea kwingine.

Tuanze na kazi yenyewe ilivyo. Filamu ya dakika 90, kwa fremu 24 kila sekunde, yaani picha moja moja zinazopita haraka, ni fremu 129,600. Kila moja ni lazima ibebe picha iliyotengenezwa na mtu, kwa penseli, kwa mwanasesere wa udongo au kwa kompyuta. Kwenye filamu kubwa za kompyuta, mhuishaji mzuri, yaani anayewapa wahusika mwendo, akikamilisha sekunde tatu au nne kwa wiki, hiyo ni wiki ya maana. Kwenye filamu ya Miyazaki iliyotoka mwaka 2013 kuna picha ya umati wa watu baada ya tetemeko la ardhi: watu wanasukumana, wanabeba mizigo, kila mmoja na mwendo wake. Inapita kwa sekunde nne. Mchoraji Eiji Yamamori alitumia mwaka mmoja na miezi mitatu kuichora. Ukipepesa macho umeikosa.

Nikifikiria ile miezi kumi na mitano najawa na heshima. Huo ni usanii uliokamilika, na sioni sababu ya kuuita hatua ya kuelekea kitu kingine. Mhuishaji akibobea anapewa mhusika mgumu zaidi, baadaye anasimamia wenzake, baadaye anasimamia uhuishaji wa filamu nzima. Hiyo ni kazi ya maisha na ina hadhi yake. Kosa ni kumwambia kijana kwamba kituo kinachofuata hapo ni uongozaji. Mara nyingi sicho.

Sasa ingia kwenye chumba cha hadithi. Kwenye studio kubwa filamu huchorwa kwanza kama storibodi, maelfu ya michoro ya harakaharaka, kila mmoja ukionyesha tendo moja. Msanii wa storibodi anapewa kurasa chache za skripti, wakati mwingine sentensi mbili tu, kama vile "baba na mtoto wanagombana, mtoto anaondoka". Anarudi baada ya siku kadhaa na michoro mia moja au zaidi. Anasimama mbele ya mwongozaji, mwandishi na wenzake, anapitia mchoro mmoja baada ya mwingine, na sauti zote anaziigiza yeye: ya baba, ya mtoto, ya mlango unaobamizwa. Pale alipotegemea kicheko chumba kinanyamaza, na kila mtu aliyemo anasikia kwamba kimenyamaza. Mtu mmoja anauliza: kwa nini mtoto asibaki? Michoro yote inatupwa. Kesho anaanza upya.

Kisha michoro inaunganishwa na sauti za muda na muziki wa kuazima, filamu nzima inatazamwa ikiwa michoro mitupu, wakubwa wanasema haifanyi kazi, inavunjwa. Hilo linaweza kurudiwa mara saba au nane ndani ya miaka kadhaa kabla uhuishaji haujashika kasi. Aliyepitia mavunjo hayo anajua kwa nini kila tukio lipo na kwa nini lile jingine liliondolewa. Anajua kumsikiliza mtu anayeichukia kazi yake na bado akapata cha kuokota ndani ya maneno yake. Hiyo ndiyo kazi ya mwongozaji kwenye katuni, kwa kuwa hakuna mwigizaji wa kumsimamisha mbele ya kamera akurudie tendo mara kumi. Ukosee kwenye hadithi, umekosea kwa fremu 129,600.

Basi angalia wanaotoka humo. Brenda Chapman alikuwa mkuu wa hadithi wa The Lion King (1994), na miaka minne baadaye alikuwa mmoja wa waongozaji watatu wa The Prince of Egypt. Jennifer Yuh Nelson alikuwa mkuu wa hadithi wa Kung Fu Panda kabla ya kuiongoza ya pili mwaka 2011. Chris Sanders na Dean DeBlois walitoka kwenye hadithi ya Mulan (1998), wakaongoza Lilo & Stitch (2002). Peter Ramsey alichora storibodi za filamu za waigizaji wa kweli kwa miaka mingi kabla ya kuhamia katuni. Domee Shi aliingia studio ya Pixar, Marekani, mwaka 2011 kama mwanafunzi wa mazoezi kwenye idara ya hadithi, akaongoza filamu fupi mwaka 2018, na filamu yake ndefu ya kwanza ikatoka mwaka 2022. Hiyo ni miaka kumi na moja, na kwa fani hii huyo alikwenda kwa haraka.

Utaniambia Pete Docter na Andrew Stanton walianza kama wahuishaji. Ni kweli, lakini soma majina ya walioitunga hadithi ya Toy Story (1995): wote wawili wamo. Pixar ya wakati ule ilikuwa ndogo kiasi kwamba anayehuisha na anayetunga walikaa chumba kimoja, na nyakati nyingine walikuwa mtu mmoja. Huo udogo ndio uliowatengeneza. Aliyeajiriwa kuhuisha kwenye studio hiyohiyo ilipokuwa na watu zaidi ya elfu moja hakuikuta nafasi ileile.

Siku hizi mlango mwingine umefunguka kwa waandishi, na huu unathibitisha hoja yangu zaidi. Jennifer Lee alikuja Walt Disney Animation kusaidia kuandika Wreck-It Ralph (2012). Mwaka uliofuata alikuwa mwongozaji mwenza wa Frozen, na mwaka 2018 akawa mkuu wa ubunifu wa studio nzima. Hakupita kwenye meza ya uhuishaji. Jared Bush, aliyempokea cheo hicho mwaka 2024, naye ni mwandishi. Wapo wachoraji wanaonung'unikia hilo, na nawaelewa, maana ni uchungu kuongozwa na mtu asiyejua uzito wa mchoro mmoja. Lakini jambo hili si geni. Isao Takahata, aliyeanzisha Studio Ghibli pamoja na Miyazaki mwaka 1985, hakuwa mchoraji. Alisoma fasihi ya Kifaransa, akaingia Toei mwaka 1959 kama msaidizi wa mwongozaji, na katika maisha yake yote alifanya kazi kupitia mikono ya wengine. Filamu zake ni kati ya zile ninazoziheshimu kuliko zote.

Nimetaja wanawake kadhaa, na sikuwachagua kwa makusudi. Chumba cha hadithi ndicho kilichowapitisha, tena kwa kuchelewa sana. Mwaka 1938 studio ya Disney ilimjibu mwanamke aliyeomba kazi kwamba wanawake hawafanyi kazi yoyote ya ubunifu hapo, hiyo ni ya vijana wa kiume. Kilichokuwepo kwa wanawake wengi ni kunakili mistari kwa wino na kupaka rangi. Retta Scott alipata jina lake kwenye orodha ya wahuishaji wa Bambi (1942) kwa kuchora mbwa wa mawindo, kundi la mbwa wenye meno na hasira, na watu walishangaa kwamba mkono ule ni wa mwanamke. Tangu filamu ndefu ya kwanza ya studio hiyo, mwaka 1937, hadi mwanamke wa kwanza kukaa kwenye kiti cha mwongozaji hapo, mwaka 2013, ni miaka 76.

Kuna pia Floyd Norman. Aliingia Disney mwaka 1956, mchoraji Mweusi wa kwanza kuajiriwa hapo kwa kudumu, naye akaanzia kwenye michoro ya katikati. Alikuwa na tabia ya kuchora vichekesho kuhusu maisha ya ofisini na kuvibandika ukutani. Walt Disney aliviona, akamhamishia idara ya hadithi kwenye The Jungle Book (1967). Kisa chake kinafanana sana na kile cha Toei: mtu wa chini amefumwa akiwaza hadithi. Walt Disney mwenyewe alifariki mwaka 1966, kabla filamu ile haijatoka, na mlinzi wa kijana akawa hayupo tena. Norman ameishi maisha marefu na ya heshima kwenye fani, lakini hakuna studio iliyompa filamu ndefu aiongoze. Mtu Mweusi wa kwanza Marekani kuongoza filamu kubwa ya katuni ya kompyuta alikuwa Peter Ramsey, mwaka 2012. Kutoka 1956 mpaka 2012. Ramsey alipopata Oscar mwaka 2019 kwa Spider-Man: Into the Spider-Verse pamoja na wenzake wanne, nilifurahi sana, na furaha ile ilikuwa na kovu ndani yake.

Hayo ni ya kuingia. Yanayonisumbua zaidi ni ya kutoka, maana kiti hiki ni cha kuazimwa.

Kwenye filamu za kawaida, mwongozaji kuondolewa katikati ya kazi ni habari kubwa. Kwenye katuni za studio kubwa ni jambo la kila siku. Brenda Chapman alibuni Brave kutokana na maisha yake na binti yake. Mwaka 2010 aliondolewa, Mark Andrews akaimalizia. Filamu ilitoka mwaka 2012, na mwaka 2013 wote wawili walipanda jukwaani kupokea Oscar, naye akawa mwanamke wa kwanza kuipata tuzo ya filamu ndefu ya katuni. Jan Pinkava, aliyekuwa na Oscar ya filamu fupi, ndiye aliyeianzisha Ratatouille. Ilimaliziwa na Brad Bird. Chris Sanders, baada ya mafanikio ya mwaka 2002, alikuwa akiongoza filamu kuhusu mbwa pale Disney. Akaondolewa, filamu ikabadilishwa mpaka jina. Akaenda studio ya DreamWorks, na huko yeye na DeBlois wakaitwa kuichukua How to Train Your Dragon, ambayo ilikuwa imeanza chini ya mwongozaji mwingine. Aliyenyang'anywa kiti akapewa kiti alichonyang'anywa mwenzake. Ni filamu nzuri sana, nami sijui namna ya kuifurahia bila kumfikiria yule aliyeianza.

Sababu zinaeleweka. Filamu inagharimu mamilioni ya dola, wafanyakazi mia tatu wanasubiri kazi, tarehe ya kutoka imeshatangazwa, na storibodi zinatazamwa kwa mara ya tano bila kushikamana. Wakubwa wa studio wanasema kwa matendo yao kile tunachosema kwa methali: kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana. Lakini kwenye fani hii mimba yenyewe ni miaka mitatu au minne ya mtu. Tena methali haisemi kwamba aliyebeba mimba afutwe kwenye ukoo. Naamini zipo filamu zilizookolewa kwa kubadilisha mwongozaji, na Ratatouille huenda ni mojawapo. Ninachopinga ni aliyeondolewa kuachwa bila chochote cha kuonyesha. Mwandishi wa riwaya aliyekataliwa anaondoka na muswada wake. Mwongozaji wa katuni aliyeondolewa hawezi kuondoka hata na mchoro mmoja, kwa kuwa kila alichochora, tangu siku aliyoleta wazo, ni mali ya mwajiri.

Na hapa hesabu ya umri inaingia. Filamu moja inakula miaka minne au mitano. Mtu akianza kuongoza akiwa na miaka 38, kama Miyazaki alivyoanza mwaka 1979, na kila kitu kikienda sawa, ana nafasi ya filamu sita au saba kabla ya uzee. Wengi wanapata mbili. Ukimwondoa mtu kwenye filamu moja, umemtoa sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi. Ndiyo maana najali sana filamu ya pili kuliko ya kwanza. Ya kwanza inaweza kuja kwa bahati. Nani anaruhusiwa kushindwa kisha akapewa nyingine? Hilo ndilo linaloonyesha fani inawathamini akina nani.

Takahata alishindwa mara ya kwanza. Filamu yake ya 1968 pale Toei ilichelewa sana, ilikaa kwenye kumbi kwa muda mfupi, na kampuni haikumpa tena filamu ndefu aiongoze. Leo wanaoijua historia wanaiona kama mwanzo wa katuni ya kisasa ya Japani. Kuna jambo kwenye utengenezaji wake linalonigusa: Takahata na wenzake, waliokuwa wamekutana kwenye chama cha wafanyakazi, walikubaliana kwamba yeyote, hata mchoraji wa chini, alete mawazo yake kwenye hadithi. Miyazaki alikuwa mmoja wa hao wadogo. Urafiki uliozaliwa hapo ulidumu kwa nusu karne.

Brad Bird alishindwa mwaka 1999. The Iron Giant ilisifiwa na wachambuzi ikakosa watazamaji. Mwaka uliofuata John Lasseter, aliyekuwa mwanafunzi mwenzake California Institute of the Arts, alimwita Pixar, na mwaka 2004 ikatoka The Incredibles. Andrew Stanton alijaribu filamu ya waigizaji mwaka 2012 ikala hasara kubwa. Miaka minne baadaye alikuwa amerudi kwenye kiti chake na Finding Dory. Mwongozaji mwenza wa filamu hiyo alikuwa Angus MacLane, aliyekuwa Pixar tangu miaka ya 1990. Mwaka 2022 MacLane aliongoza Lightyear, haikufanya vizuri, na mwaka 2023 alikuwa kwenye orodha ya wafanyakazi 75 waliopunguzwa. Filamu moja, baada ya zaidi ya miaka ishirini na mitano ya utumishi.

Sisemi Bird na Stanton hawakustahili. Walistahili kabisa. Ila anayekuita baada ya kuanguka mara nyingi ni mtu uliyesoma naye, uliyekaa naye chumba kimoja mkiwa vijana. Kwa asiye na mtu wa namna hiyo, kuanguka mara moja kunatosha.

Kuna wanaoamua kutoazima kiti cha mtu. Michel Ocelot alitengeneza filamu fupi na vipindi vya televisheni kwa miaka mingi nchini Ufaransa kabla ya Kirikou na mchawi, iliyotoka mwaka 1998 akiwa na miaka 55. Sehemu ya utoto wake aliishi Guinea, na kumbukumbu hizo zimo ndani ya filamu ile. Watazamaji zaidi ya milioni moja waliiona Ufaransa, na tangu hapo hajakosa filamu. Cartoon Saloon ya Kilkenny, Ireland, ilianzishwa mwaka 1999 na marafiki waliotoka masomoni. Filamu yao ndefu ya kwanza ilitoka mwaka 2009, na katikati hapo waliishi kwa kazi za wateja. Nora Twomey, aliyekuwa mwongozaji mwenza wa ile ya kwanza, alipata ya kwake mwaka 2017 ndani ya nyumba aliyoshiriki kuijenga. Hakulazimika kumbembeleza mtu.

Makoto Shinkai alikuwa akitengeneza video za ufunguzi za michezo ya kompyuta. Mwaka 2001 aliacha kazi, na mwaka uliofuata akatoa filamu ya dakika 25 aliyoitengeneza karibu peke yake kwenye kompyuta ya nyumbani. Naye hakusomea uchoraji, alisomea fasihi. Na yupo Gints Zilbalodis wa Latvia, aliyezaliwa mwaka 1994. Filamu yake ndefu ya kwanza, Away (2019), aliifanya kila kitu mwenyewe, mpaka muziki, kwa takriban miaka mitatu na nusu. Ya pili, Flow, aliitengeneza na timu ndogo kwa kutumia Blender, programu ambayo mtu yeyote anaipakua bure. Mwaka 2025 ilipata Oscar mbele ya filamu za studio zenye bajeti kubwa mara nyingi zaidi yake.

Wengi wamelichukua jina la ile programu kama jibu. Wanasema: unaona, ni Blender tu. Mimi naona kijana aliyekaa na hadithi bila maneno kwa miaka mitatu na nusu, akijifunza kamera ikae wapi na mtazamaji asubiri kwa muda gani, akikosea peke yake na kurekebisha peke yake. Chumba cha hadithi alikuwa nacho, ila waliokaa humo wote walikuwa yeye. Njia hii ina hatari yake pia. Richard Williams, mmoja wa wahuishaji wakubwa waliowahi kuishi, alianza filamu yake mwenyewe mwaka 1964, akaifanya kwa ukamilifu usio na mpaka, na mwaka 1992 akanyang'anywa ikiwa haijakamilika. Miaka 28. Mkono wake ulikuwa wa kipekee duniani, lakini storibodi haikuwa imefungwa mapema, na michoro mizuri iliendelea kuongezeka pasipo kumfikisha mwisho.

Nina wasiwasi na miaka inayokuja, na hauhusu ubora wa picha. Kazi ya michoro ya katikati imekuwa ikipelekwa nchi nyingine zenye ujira mdogo tangu miaka ya 1970. Mwaka 2024 Pixar ilipunguza takriban asilimia 14 ya wafanyakazi wake. Mwaka huohuo chama cha wafanyakazi wa animesheni cha Hollywood kilipokaa mezani na studio, akili mnemba ilikuwa moja ya hoja kubwa. Wanaoitetea wanasema itaondoa kazi za kuchosha za chini, wasanii wabaki na za ubunifu. Huenda. Lakini Miyazaki alifumwa akiwaza hadithi kwa sababu alikuwa ameajiriwa kwa kazi ya kuchosha, ndani ya jengo lilelile ambamo hadithi ilikuwa ikiamuliwa. Norman alibandika vichekesho kwenye ukuta ambao bosi wake alipita. Ukiiondoa meza ya chini unaokoa mshahara mmoja, na unampoteza yule kijana aliyekuwa ukumbini siku filamu ilipotazamwa ikiwa michoro mitupu, aliyesikia kicheko kikikosekana na kujua sababu.

Kwa hiyo ningekuwa na sauti mbele ya studio ningeomba mambo mawili ambayo hayana gharama kubwa. La kwanza, storibodi zinapotazamwa, waalikwe waajiriwa wapya wa kila idara, wa taa, wa mavazi, wa michoro ya katikati pale ilipobaki, na maoni yao yaandikwe pamoja na ya wakubwa. La pili ni mkataba. Kabla mwongozaji hajachora mchoro wa kwanza, iandikwe wazi jina lake litakaa wapi kwenye filamu siku akiondolewa, atalipwa nini filamu ikitoka bila yeye, na ni michoro gani anayoruhusiwa kuwaonyesha wengine anapokwenda kutafuta filamu yake ya pili.